Uwindaji wa Starehe: Nani Ana Haki ya Kuua Mnyama?

Kabla ya picha kupigwa, kuna kazi. Simba aliyekwisha kufa anageuzwa alale kifudifudi, miguu ya mbele inyooke, kichwa kiinuliwe kwa jiwe au kipande cha gogo kinachofichwa chini ya kidevu. Damu inafutwa puani na mdomoni, ulimi unarudishwa ndani. Majani yaliyo mbele ya kamera yanafyekwa, na mteja anaelekezwa akae nyuma kidogo ya mnyama, ili simba aonekane mkubwa kuliko alivyo. Bunduki inalazwa mgongoni mwa mzoga. Hapo ndipo mteja anaambiwa atabasamu. Waliofuata nyayo tangu alfajiri, waliotundika chambo mtini na watakaomchuna simba huyo na kuipaka ngozi chumvi kabla haijaharibika, mara nyingi hawamo pichani.

Picha za namna hii ndizo zilizoufanya uwindaji wa starehe uwe gumzo la dunia. Julai 2015, nchini Zimbabwe, daktari wa meno kutoka Minnesota, Marekani, alimuua simba aliyeitwa Cecil nje kidogo ya Hifadhi ya Hwange, katika safari iliyosemekana kumgharimu takriban dola 50,000. Simba huyo alikuwa amevishwa kola ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford. Alipigwa mshale usiku, akakaa na jeraha lake kwa saa nyingi kabla ya kumaliziwa. Haukupita muda, mashirika makubwa ya ndege ya Marekani yakatangaza kwamba hayatabeba tena nyara za simba, tembo na faru, na watu ambao hawajapata kumwona simba ila kwenye televisheni wakamlilia kama ndugu yao. Zimbabwe kwenyewe, wengi hawakuwa wamewahi kulisikia jina la Cecil.

Hasira ile ililenga kitu kimoja: lile tabasamu. Iweje mtu afurahie kuua? Swali ni la haki na nitalirudia. Lakini ukikaa karibu na mapori yenyewe, huku kwetu ambako kitalu cha uwindaji ni jirani ya shamba la mahindi, unaona kwamba furaha ya mwindaji ndiyo sehemu ndogo ya shauri. Mambo mazito zaidi ni ardhi ile itakuwa ya nani mnyama asipokuwa na thamani, ni mnyama gani hasa anayeuawa, na kwa nini sheria humpa mtu mmoja cheti na mwingine pingu kwa tendo lile lile.

Tuanze na kwa nini watu huwinda. Jibu la haraka ni kwamba zamani watu waliwinda kwa njaa, leo matajiri wanawinda kwa anasa. Jibu hili linapendeza, ila halina ukweli mwingi. Watazame Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, watu wachache wasiozidi elfu kadhaa, ambao hadi leo baadhi yao wanaishi kwa upinde, asali, matunda na mizizi. Mwanaanthropolojia Kristen Hawkes na wenzake waliokaa nao walikuta jambo la ajabu: wanaume walipenda kufuata wanyama wakubwa, pofu na twiga na wengineo, wakati siku nyingi wanarudi mikono mitupu. Mizizi inayochimbwa na akina mama, na wanyama wadogo wa kutega, vingeilisha familia kwa uhakika zaidi. Tena mnyama mkubwa akipatikana, nyama yake si ya aliyemuua. Ni ya kambi nzima, na baadhi ya vipande ni vya wanaume waliokwisha kupita jando la uwindaji, nyama iitwayo epeme, ambayo mwanamke wala kijana hathubutu kuila. Hawkes akahitimisha kwamba wanachokifuata wanaume hao, pamoja na nyama, ni sifa. Wapo watafiti waliompinga, wakaonyesha kwamba baba Mhadzabe hulisha wanawe vizuri tu. Hata hivyo, hakuna aliyekanusha kwamba jina la mwindaji hodari hutajwa kambini kwa namna ambayo jina la mchimba mizizi halitajwi.

Wamaasai hawahitaji mtafiti kuwaeleza hilo. Morani aliyekuwa wa kwanza kumchoma simba mkuki alirudi na manyoya ya shingo ya mnyama, akaimbiwa, na wasichana wakamjua. Hakuna aliyekula simba huyo. Ilikuwa ni ushujaa, kulinda ng'ombe na kutafuta jina, vyote kwa pamoja. Na visiwani Unguja, wasasi wakitoka na mbwa wao kumfuata paa au nguruwe mwitu, kitoweo ni sehemu tu ya safari. Kuna mbio, kelele, vicheko na hadithi za kurudi nazo barazani. Paa nunga, ambaye ni wa Unguja na vipande vichache vya msitu wa pwani ya Kenya, amepungua mno, na starehe hiyo ya kienyeji imechangia kama lilivyochangia panga la mkata miti.

Kwa hiyo tusimfanye mzungu mwenye bunduki kuwa kiumbe wa peke yake. Alichotuletea yeye ni kipimo na hesabu. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, akiwa ametoka tu madarakani Marekani, alishuka Mombasa na mwanawe Kermit. Baba na mwana wakaua wanyama 512 kwa bunduki zao, kwa maelezo kwamba ni kwa ajili ya makumbusho ya Washington. Kabla yake, mwaka 1892, duka la Rowland Ward la London lilikuwa limeanza kuchapisha kitabu cha rekodi: pembe ya nani ni ndefu, fuvu la nani ni pana, mnyama aliuawa wapi. Tangu hapo mnyama akawa na sentimita. Ernest Hemingway, aliyewinda Tanganyika mwaka 1933 na 1934, aliandika kitabu kizima ambacho, ukiondoa mandhari, ni habari ya wivu wa mwanamume anayeona pembe za tandala za mwenzake zimeshinda zake. Nampa sifa moja: hakuuficha wivu huo nyuma ya maneno ya uhifadhi.

Mwanafalsafa wa Hispania, José Ortega y Gasset, alijaribu mwaka 1942 kuwatetea wawindaji kwa hoja ya ndani zaidi. Kwa maoni yake, mwindaji wa kweli hatafuti kifo cha mnyama. Anatafuta uwindaji wote, kunusa upepo, kusoma nyayo, kuwa macho kwa mwili mzima, na kifo ndicho kinachoufanya mchezo huo uwe wa kweli badala ya maigizo. Wawindaji niliowasoma na kuwasikia husema hivyo hivyo kwa lugha zao. Sidhani wanadanganya. Lakini hoja hiyo inaeleza kwa nini kuwinda kunampendeza mwindaji. Haielezi kwa nini mnyama alipie furaha hiyo. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Dini iliyozoeleka huku pwani haikuliacha jambo hili wazi. Katika fiqhi ya Kiislamu, kuwinda kwa chakula au riziki ni halali kwa masharti yake: kutajwa jina la Mwenyezi Mungu wakati wa kutuma mshale au mbwa aliyefundishwa, na mnyama kufa kwa jeraha la silaha au meno ya mbwa huyo, si kwa kupondwa. Aliyevaa ihramu haruhusiwi kuwinda mnyama wa nchi kavu kabisa. Ama kuwinda kwa mchezo mtupu, mnyama akaachwa, wanazuoni wengi wamekuchukia, na Mtume alikataza kiumbe chenye roho kufanywa shabaha ya kulengea. Mpaka uliowekwa hapo uko kwenye haja. Furaha ya mwindaji haikukatazwa. Iliyokatazwa ni furaha iliyobaki peke yake, isiyo na haja nyuma yake.

Wawindaji wa kisasa wanajua hilo, ndiyo maana hutaja haja nyingine: pesa za kulinda pori. Tanzania ndiyo mahali pazuri pa kuipima hoja hiyo, kwani nchi hii ina simba wengi kuliko nyingine yoyote duniani, na imetenga eneo kubwa sana kwa uwindaji wa kitalii. Msimu huanza Julai. Kampuni hukodi kitalu, hupewa mgawo wa wanyama wa kila aina, na mteja hulipia siku, leseni na kila mnyama anayemwangusha. Akimjeruhi mnyama akatoroka, analipa vile vile. Anayetaka simba lazima anunue safari ya siku 21. Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA, ndiyo inayosimamia.

Hapa ndipo tabasamu linakosa umuhimu na umri wa simba unachukua nafasi. Dume jipya likiliteka kundi la simba, huua watoto wa dume lililotangulia ili majike yapate joto upesi. Ukimpiga dume kijana mwenye familia changa, umeua pia watoto wake ambao hukuwaona. Watafiti waliowafuatilia simba wa Serengeti kwa miaka mingi, Craig Packer akiwa kiongozi wao, walikokotoa kwamba madume wakiachwa mpaka wafikishe miaka sita kabla ya kuwindwa, hasara hiyo hupungua sana. Tanzania ikaiingiza hesabu hiyo kwenye kanuni: simba wa chini ya umri huo humletea mwindaji adhabu, na fuvu na meno hupelekwa kukaguliwa baada ya msimu.

Hebu fikiria inavyokuwa porini. Ni siku ya 19. Nyama ya pundamilia imetundikwa kwenye mgunga, na watu watatu wamejibanza ndani ya kibanda cha majani, hawakohoi. Dume linakuja jioni. Mwindaji bingwa anachukua darubini na kutazama pua: ya simba mdogo huwa na wekundu wa waridi, ya mzee huwa nyeusi kwa madoa yaliyojaa. Pua hii ni nusu kwa nusu. Shingo ina manyoya mazuri, na mteja aliyelipa makumi ya maelfu ya dola ananong'ona: vipi? Maadili yote ya uwindaji, yenye vitabu na makongamano, yanakaa kwenye jibu la mtu huyo mmoja ambaye bahashishi yake ya mwisho wa safari inategemea mteja aliyeridhika. Wapo wanaosema hapana. Lakini mfumo unaotegemea ujasiri wa mwajiriwa wa msimu, saa ya magharibi, si mfumo wa kujivunia.

Kwa tembo, kanuni yenyewe ndiyo inayokwenda kombo. Leseni ya Tanzania inataka tembo mwenye pembe kubwa, zenye uzito wa kilo 20 au urefu wa sentimita 160 kwenda juu, kwa kudhani kwamba dume zee limeshamaliza kazi yake. Utafiti wa Amboseli, nchini Kenya, ulioanzishwa na Cynthia Moss mwaka 1972 na unaoendelea hadi sasa, umeonyesha kinyume: madume ya umri mkubwa ndiyo yanayozalisha zaidi, na ndiyo yanayowafundisha vijana adabu. Tembo hawa huvuka mpaka bila pasipoti kuingia Enduimet upande wa Tanzania. Baada ya madume kadhaa kuuawa huko katikati ya miaka ya 1990, nchi mbili zilielewana kutowinda karibu na mpaka, na hali ikatulia kwa karibu miaka 30. Kuanzia Septemba 2023 risasi zikarudi, na waliouawa ni miongoni mwa tembo wachache waliobaki Afrika wenye pembe za kilo 45 kila moja. Tembo wa Amboseli amezoea magari ya watalii tangu utotoni, na hakimbii. Kumpiga mnyama aliyelelewa kumwamini binadamu hakuwezi kuitwa uwindaji hata kwa kipimo cha Ortega mwenyewe.

Je, tupige marufuku, kama Kenya? Kenya ilifunga uwindaji Mei 1977, na mwaka uliofuata ikafunga biashara ya nyara. Wanaopinga uwindaji huitaja Kenya kama mfano wa ubinadamu. Lakini hesabu za kutoka angani zilizochapishwa mwaka 2016 zilionyesha kwamba wanyama wakubwa wa nyanda za Kenya walikuwa wamepungua kwa wastani wa asilimia 68 tangu 1977. Marufuku haikuwaua, waliuawa na ongezeko la watu na mifugo, uzio, ukame na mitego ya waya. Ila marufuku haikuwaokoa pia, kwa sababu mwenye shamba alibakiwa na mnyama anayemlia mahindi yake na asiyemwingizia senti.

Wanaotetea uwindaji hushangilia wakisikia takwimu hiyo, wakati wao nao wana Selous. Pori lile, lililopewa jina la mwindaji Frederick Selous aliyeuawa Beho Beho Januari 1917 katika Vita vya Kwanza vya Dunia, lilikuwa kwa miongo mingi fahari ya uwindaji wa kitalii, likigawanywa katika vitalu karibu kila kona. Katikati ya miaka ya 1970 lilihesabiwa kuwa na tembo kama 110,000. Mwaka 2014 walibaki takriban 15,000. Wateja wenye leseni hawakuwaua hao wote, waliwamaliza majangili wa meno ya tembo; lakini ile ahadi kwamba pesa za mwindaji ndizo zinazomlinda mnyama, pale ilivunjika mchana kweupe. Mwaka 2014 UNESCO iliweka Selous kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na mwaka 2019 sehemu yake kubwa ikafanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, uwindaji ukaisha humo.

Kwa hiyo si marufuku wala leseni iliyo na muujiza. Tanzania yenyewe ilifunga uwindaji mwaka 1973 ikaufungua tena 1978. Botswana ilifunga 2014 ikafungua 2019. Kinachoamua ni kama pori linalipa kuliko jembe na ng'ombe, na kama linamlipa mtu anayelala karibu nalo. Utalii wa picha unaweza kufanya hivyo kandokando ya Maasai Mara, ambako wenye ardhi hulipwa kodi na hoteli ili wasijenge uzio. Ila nani atakwenda kupiga picha kwenye mapori ya Tanzania kama Moyowosi au Rungwa, kwenye vichaka visivyo na mwisho, ambako mbung'o hukuuma juu ya shati na unaweza kusafiri siku nzima bila kumwona simba? Mwindaji huenda huko, na hulipa. Hii ndiyo hoja yao bora, na anayetaka kufunga kila kitalu kesho anapaswa kuijibu kwa hela, si kwa machozi.

Nimeacha kwa makusudi jambo linalonikera kuliko yote. Mwaka 1896 gavana Mjerumani Hermann von Wissmann alitoa amri ya kwanza ya kudhibiti uwindaji katika koloni la Ujerumani la Afrika Mashariki. Kuanzia hapo mnyama akawa wa serikali, na haki ya kumuua ikawa kitu cha kununua. Upande wa Kenya, katikati ya miaka ya 1950, nyuma ya Kilifi na Malindi, Waata ambao majirani zao waliwaita Waliangulu waliandamwa na askari wa Hifadhi ya Tsavo na wengi kufungwa. Walikuwa mabingwa wa tembo, wenye pinde nzito kuliko ambavyo wanaume wengi wangeweza kuzivuta na mishale yenye sumu iliyochemshwa kutokana na mti. Biashara ya pembe ilikuwa imewaingiza kwenye mauaji makubwa, sikatai. Lakini miaka ile ile, wateja kutoka Ulaya na Marekani walikuwa wakiondoka Nairobi na leseni za tembo mfukoni.

Uhuru haukuifuta tofauti hiyo. Leo Tanzania mtu akikutwa na vipande vya nyama ya pundamilia bila kibali, ameshikwa na nyara za serikali, na sheria inaweza kumpeleka jela miaka 20 au zaidi. Mahakama zetu zimeshughulikia kesi za namna hiyo kwa wingi, za watu walionaswa kando ya Serengeti na ndoo ya nyama mbichi. Leseni ya mkazi ipo, lakini inamtaka awe na bunduki iliyosajiliwa; mwenye upinde ameshaachwa nje, isipokuwa Wahadzabe kwa kibali maalumu. Bucha za nyamapori zilizoruhusiwa kwa kanuni za mwaka 2020 zimesaidia mijini kuliko vijijini. Na Loliondo, ambako kampuni kutoka Falme za Kiarabu ilipewa kitalu mwaka 1992, mgogoro kati ya wafugaji, mwekezaji na serikali umepita miaka 30. Juni 2022, wakati wa kuweka mipaka ya kilometa za mraba 1,500, askari polisi mmoja aliuawa kwa mshale, wanavijiji wakajeruhiwa na wengine wakavuka kwenda Kenya. Serikali ilisema inalinda vyanzo vya maji na mapito ya wanyama. Inawezekana. Lakini mfugaji anayeondolewa ili mgeni awinde hahitaji shahada kuelewa mnyama ni wa nani.

Narudi sasa kwenye tabasamu. Starehe peke yake, kwa maoni yangu, haitoshi kuhalalisha kutoa roho, na anayesema anaua kwa sababu anawapenda wanyama ananichosha. Haja ya sifa ni ya kweli, ila inaweza kushibishwa kwingine: tangu 2012 morani wa Amboseli hukutana Kimana kwa michezo yao ya riadha, kurusha mkuki na rungu na kukimbia, na washindi huimbiwa vile vile bila simba kufa. Hata hivyo, sitaki kufunga kitalu ambacho kikifungwa kitakuwa mashamba na mkaa ndani ya miaka michache, kwa sababu hapo wanyama watakufa wote, na hakuna atakayewapiga picha. Nakikubali kitalu chenye kanuni ya umri inayosimamiwa na mtu asiyelipwa na mteja, kilicho mbali na mipaka ya tembo wa Amboseli, mahali ambapo utalii wa picha hauwezi kufika, na ambapo jirani wa pori analipwa kabla ya waziri kupongezwa. Kisichofikia hapo kifungwe. Na anayetega digidigi kwa ajili ya kitoweo cha watoto wake asihukumiwe kama muuza pembe.

Sheria inataka mapato na matumizi ya kijiji yasomwe kwenye mkutano mkuu kila baada ya miezi mitatu. Wewe unayeishi kwenye kijiji chenye kitalu, nenda siku hiyo, unyooshe mkono, uulize: msimu uliopita, ni wanyama gani waliouawa kwenye ardhi yetu, wangapi, na shilingi ngapi zimeingia kwenye akaunti ya kijiji?